Kuingia kwa akaunti ya Google kwenye seva yenu wenyewe: nani anathibitisha nini

Kikundi cha watengenezaji programu hapa Lubumbashi kina sababu za maana za kuweka kazi zake kwenye seva iliyo ofisini kwao, iwe kwenye komini ya Kamalondo, ya Kenya au ya Ruashi. Mega zinagharimu, laini inaelemewa mchana, na mradi wa mteja wa mgodini haufai kulala kwenye mashine ya mtu msiyemjua. Programu za kutunza kazi za watengenezaji kwenye seva yao zipo na ni za bure. GitLab ilianza 2011 na leo ni kubwa. Usiipe mashine yenye kumbukumbu chini ya GB 8. Gitea ilizaliwa 2016 kutoka mradi wa Gogs, kisha 2022 Forgejo ikachipuka kutoka Gitea. Hizo mbili ni nyepesi, hata Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bei nafuu, inazimudu.

Watu wakizidi watano, maneno ya siri yanaanza kusahaulika. Mmoja anampa mwenzake lake ili kazi iishe, mwingine anatumia lile lile la Facebook. Hapo ndipo mtu anapendekeza kiwekwe kitufe cha kuingia kwa akaunti ya Google au ya GitHub, ile tovuti ambako watengenezaji wengi huweka kazi zao. Kitufe chenyewe kinawekwa kwa dakika chache. Kinacholaza watu macho ni pale kinapokataa kufanya kazi, au kibaya zaidi, kinapofanya kazi na kumfungulia mtu asiyetakiwa. Maelekezo mengi huanza na mahali pa kubofya. Mimi nitaanza na nani anamwambia nani nini, kwa sababu ukishalijua hilo, hata ujumbe wa kosa unasomeka.

Swali moja tu

Google ikiingizwa kati, inajibu swali moja: mtu huyu ni nani? Haijui kama anaruhusiwa kuingia kwenu. Haijui kama anafaa kuusoma mradi fulani au kuufuta. Siku akiacha kazi, haitawaambia. Karibu kila usanidi mbovu niliouona ulikuwa umeiachia Google maswali ambayo haikuulizwa.

Ukienda kwenye ofisi kubwa mjini, mlinzi wa mapokezi anakuomba kadi ya mpiga kura, ambayo kwa miaka mingi ndiyo imekuwa kitambulisho chetu. Anaisoma, anaandika jina, anapiga simu juu kuuliza kama unangojewa, ndipo anakupa beji ya mgeni. Kadi imetoka CENI, tume ya uchaguzi, na CENI haina habari kama unakwenda kwa mhasibu au kwa mkurugenzi. Beji ndiyo inayofungua milango, na beji inatolewa na wenye ofisi. Google ni mtoa kadi. Seva yenu ndiyo mapokezi, na ile simu ya kwenda juu ni kazi yenu.

Nyuma ya kitufe kuna viwango viwili ambavyo watu huvichanganya. OAuth 2.0 ilichapishwa Oktoba 2012 kwenye waraka wa viwango vya intaneti uitwao RFC 6749, na kusudi lake lilikuwa ruhusa: programu moja iweze kugusa vitu vyako vilivyo kwenye programu nyingine bila kupewa neno lako la siri. Haisemi lolote kuhusu wewe ni nani. Februari 2014 ikaja OpenID Connect, ikajengwa juu ya OAuth na kuongeza tokeni ya utambulisho: waraka mfupi wenye sahihi ya mtoaji, unaotaja mwenye akaunti, nani ameutoa, umetolewa kwa ajili ya seva gani, na unakwisha saa ngapi. Google inatumia OpenID Connect. GitHub, kwa watu wanaoingia kwenye programu za nje, imebaki na OAuth peke yake. Seva yenu ikishapata tokeni inabidi irudi kuiuliza GitHub mwenye tokeni hii ni nani. Kwa anayebofya hakuna tofauti. Kwa anayesanidi ipo, kwa kuwa nyuga anazojaza si zile zile.

Safari ya mbofyo mmoja

Tuseme seva yenu inaitwa git.mfano.cd. Kabla ya yote unaisajili kwa Google, kwenye ukurasa wao wa watengenezaji. Unapewa vitu viwili: namba ya utambulisho, ambayo si siri, na siri yenyewe, ambayo itajulikana na Google na seva yenu tu. Wewe kwa upande wako unawaandikia anwani ya kurejea, yaani mlango ambao mtu atarudishiwa akimaliza kwao. Kwa GitLab mlango huo ni https://git.mfano.cd/users/auth/google_oauth2/callback. Kwa Gitea na Forgejo ni /user/oauth2/, kisha jina ulilolipa chanzo hicho kwenye ukurasa wa msimamizi, kisha /callback.

Sasa mtu anabofya. Seva inakiambia kivinjari chake: nenda Google, uwapelekee namba yangu, anwani yangu ya kurejea, orodha fupi ya ninachotaka kujua (jina na barua pepe vinatosha, usiombe zaidi), na neno la bahati nasibu nililolitunga sasa hivi. Kivinjari kinakwenda. Mtu anaandika neno lake la siri huko huko Google. Seva yenu hailioni kamwe, na faida kubwa ya mpango huu wote iko hapo. Google ikiridhika inakirudisha kivinjari kwenye anwani ya kurejea, kikiwa kimebeba msimbo wa muda pamoja na lile neno la bahati nasibu. Seva inalinganisha neno na lile ililolitunga. Yasipofanana inakataa, maana huenda kuna mtu aliyetengeneza kiungo cha hila ili mwenzenu aingie kwa akaunti isiyo yake.

Msimbo wa muda peke yake haufungui kitu. Seva inauchukua, inaambatisha ile siri, inapiga hodi Google moja kwa moja bila kupitia kivinjari, na hapo ndipo inapewa tokeni. RFC 6749 inashauri msimbo huo usiishi zaidi ya dakika 10 na utumike mara moja tu. Ndiyo maana mtu aliyeuiba kwenye historia ya kivinjari hafiki nao mbali: umekwisha kutumika, na siri hana.

Nirudi kwenye hatua moja, kwa kuwa ndiyo inayoulizwa kuliko zote. Kijana mmoja aliyekuwa akipanga seva ya wenzake aliniuliza hivi: "Mukubwa, serveri yetu haionekane huko inje. Google itaifikia namna gani?" Alikuwa ameshaanza kufungua milango ya ruta ili Google ipite. Hakuna haja. Google haiifikii seva yenu hata mara moja. Anayerudi na msimbo ni kivinjari, na kivinjari kiko ofisini, kinaiona seva kwenye mtandao wa ndani. Anayepiga hodi baadaye ni seva yenyewe, ikitoka kwenda nje. Kinachotakiwa ni seva iweze kutoka, kuingiliwa hakuhitajiki. Ukifungua milango ya ruta kwa ajili ya kitufe hiki umeongeza hatari bila kupata lolote.

Lakini hapo hapo kuna kikwazo cha kweli. Google haikubali anwani ya kurejea iliyo ya namba tupu kama 192.168.1.10, haikubali jina la kubuni la mtandao wa ndani, na inataka https. Isipokuwa ni mashine yako mwenyewe unayojaribia, hakuna njia ya mkato. Dawa yake ni kununua jina halisi, la .cd au lingine, kisha kwenye rekodi zake (DNS) uelekeze git.mfano.cd kwenye ile ile 192.168.1.10. Inaruhusiwa kabisa: dunia nzima italiona jina, ila wanaofika ni walio ndani tu. Cheti cha https unakipata bure kwa Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti hivyo, kwa njia ya rekodi za jina. Badala ya wao kuja kuigonga seva yenu, ambayo hawaifikii, wanakuomba uweke neno fulani kwenye rekodi hizo, wanalisoma, wanakuamini. Cheti kinadumu siku 90, kwa hiyo kipe programu ikihuishe yenyewe. Na kama jina halifunguki ofisini wakati nje linajibu, angalia ruta: baadhi hukataa jina la nje linaloelekeza kwenye namba ya ndani, na lazima uliruhusu kwa mkono.

Kosa litakalowapata hakika ni lile la anwani kutolingana. Google inalinganisha herufi kwa herufi. Mkwaju (/) wa mwisho ukizidi, imekataa. Ukiandika "Google" kwenye ukurasa wa msimamizi na "google" kwenye usajili, imekataa. Mara nyingi zaidi tatizo ni http dhidi ya https: mbele ya Gitea mmeweka Nginx, programu inayopokea maombi ya vivinjari, nayo ndiyo inayoshika https, nyuma yake Gitea inazungumza http, na Gitea ikidhani dunia nzima ni http inamtumia Google anwani isiyo na ile s. Kwa Gitea na Forgejo tazama ROOT_URL ndani ya faili la mipangilio, app.ini, kwa GitLab tazama external_url ndani ya /etc/gitlab/gitlab.rb, kisha uamuru gitlab-ctl reconfigure. Usibahatishe. Bofya kitufe, ukifika ukurasa wa kosa wa Google soma anwani iliyo juu ya kivinjari, humo imo anwani ya kurejea iliyotumwa kweli. Ilinganishe na uliyosajili.

Saa ya Kinshasa, saa ya Lubumbashi

Jambo hili halitajwi kwenye maelekezo ya Wamarekani, na kwetu linakamata watu.

Tokeni ya utambulisho ina saa ya kutolewa na saa ya kwisha. Ile ya Google huishi takriban saa moja. Seva inayoikagua inatazama saa yake yenyewe. Sasa nchi yetu ina saa mbili: Kinshasa iko saa moja mbele ya saa ya kimataifa, Lubumbashi saa mbili. Anayesakinisha Linux anaulizwa mji, anachagua Kinshasa kwa kuwa ni mji mkuu. Mashine inawaka, anaona saa yake imechelewa kwa saa moja nyuma ya iliyo ukutani, anaisogeza mbele kwa mkono. Machoni imekaa sawa. Ndani, saa ya kimataifa ya mashine hiyo sasa inakwenda saa nzima mbele ya dunia. Tokeni inafika kutoka Google ikiwa mpya kabisa, seva inaitazama na kusema imekwisha muda. Mtu anabadilisha siri, anasajili upya, anabadilisha kivinjari, na kosa liko kwenye saa ya mashine.

Chagua Africa/Lubumbashi kwenye orodha ya maeneo, usiguse mishale ya saa, na uiachie chrony au programu nyingine ya aina hiyo iwianishe saa na mtandao. Mkitumia Raspberry Pi 4, kumbukeni haina saa yenye betri. Umeme ukikatika na kurudi, huamka ikiwa na saa ya zamani hadi ipate intaneti, na kwa kipindi hicho hata vyeti vya https vinaweza kuonekana kama havijaanza kutumika. Ngoja saa iwiane kwanza, ndipo ulaumu kitu kingine.

Kujulikana hakutoshi

Turudi kwenye ile simu ya mlinzi. Kila mwenye akaunti ya Gmail duniani anaweza kuthibitishwa na Google. Ukiruhusu kila anayethibitishwa afunguliwe akaunti papo hapo, umewakaribisha wote wanaoweza kufika kwenye ukurasa wenu. GitLab ina kinga mbili: omniauth_allow_single_sign_on inasema ni vyanzo gani vinaruhusiwa kuzaa akaunti mpya, na omniauth_block_auto_created_users, ambayo tangu mwanzo imewashwa, inamfungia mgeni hadi msimamizi amkubali. Nimeona watu wanaizima hii ya pili kwa sababu inawasumbua kubofya mara moja kwa kila mtu mpya. Iacheni. Kwa kikundi cha watu kumi huo ni usumbufu wa mwaka mzima unaokwisha kwa dakika chache. Gitea yenyewe haifungui akaunti kimyakimya kupitia chanzo cha nje mpaka uwashe ENABLE_AUTO_REGISTRATION.

Kama shirika lenu linalipia barua pepe za jina lake kwa Google, tokeni huja na uga wa hd unaotaja jina hilo, na unaweza kudai liwe lenu. Ila dai hilo likaguliwe na seva baada ya tokeni kufika. Kuliandika tu kwenye ombi linalopita kivinjarini hakuzuii mtu, kwa kuwa kilicho kivinjarini mwenye kivinjari anaweza kukibadili.

La hatari zaidi ni kuunganisha akaunti za zamani. Mwenzenu alikuwa na akaunti ya kawaida yenye neno la siri; leo anakuja kwa Google akiwa na barua pepe ile ile. Je, seva imtambue kuwa ni yeye? Gitea ina ACCOUNT_LINKING yenye chaguo tatu, na ile ya kawaida inamdai aandike neno lake la zamani kwanza. Mkiiweka auto, inatosha jina au barua pepe vifanane tu. Kwa Google, ambayo huthibitisha barua pepe zake, huenda ikapita. Siku mkiongeza chanzo kingine kinachomruhusu mtu kujiandikia barua pepe yoyote bila kuithibitisha, atajiandikia ya msimamizi wenu na atakuwa msimamizi. Kwa hiyo acheni ile inayodai neno la zamani. Ni mara moja tu kwa kila mtu.

Sababu hiyo hiyo inaeleza kwa nini seva nzuri haimkumbuki mtu kwa barua pepe. Google humpa kila mwenye akaunti namba isiyobadilika, inayokaa kwenye uga wa sub. GitHub nayo ina namba kwa kila mtu, na kule ni muhimu zaidi, kwa sababu jina la GitHub linaweza kubadilishwa na lile la zamani likachukuliwa na mtu mwingine. Mkiandika wenyewe programu ndogo ya ndani inayotumia kitufe hiki, hifadhini namba.

Intaneti ikikatika

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchini na ikakaa hivyo karibu wiki tatu za Januari 2019. Fikiria ofisi yenye seva nzima, umeme upo, waya wa ndani unafanya kazi, na hakuna anayeweza kuingia kwa sababu njia pekee ni kitufe cha Google.

Waliokwisha kuingia wataendelea hadi kipindi chao cha kuingia kiishe. Wanaosukuma kazi zao kwa funguo za SSH, yaani faili za siri zinazotumika badala ya neno la siri, hawataona tofauti yoyote, kwa kuwa funguo hukaguliwa na seva yenyewe bila kumuuliza mtu wa nje. Hiyo inatosha kumshauri kila mmoja aweke ufunguo wake tangu siku ya kwanza. Zaidi ya hapo, wekeni akaunti moja ya msimamizi yenye neno la siri la hapo hapo, refu, lililoandikwa kwenye karatasi na kufungiwa kabatini, na mtu ajaribu kuingia nalo mara kwa mara. Kama GitLab yenu imepangwa impeleke mtu Google moja kwa moja, ukurasa wa neno la siri unafikiwa kwa kuongeza ?auto_sign_in=false mwishoni mwa /users/sign_in. Liandikeni hilo kwenye karatasi ile ile.

Kuna wanaosema basi tujiwekee mtoa kadi wetu, Keycloak kwa mfano, mradi uliotolewa 2014 ukilelewa na Red Hat. Kwa chuo au kampuni yenye programu nyingi nakubali bila kusita: utambulisho unabaki ndani ya kuta zenu na intaneti ikikatika hakuna kinachosimama. Kwa kikundi cha watu wanane na seva moja naona ni mzigo wa ziada, mashine nyingine ya kusasisha na kulinda. Gitea, Forgejo na GitLab zenyewe zinaweza kuwa mtoa kadi kwa programu nyingine zinazoelewa OAuth, na kwa wadogo hilo linatosha. Au baki na maneno ya siri, uongeze namba za tarakimu sita zinazobadilika kwenye simu. Hizo hazihitaji intaneti, zinahitaji saa iwe sahihi tu.

Kitufe cha Google hakiondoi pia maneno ya siri yaliyojificha. Machi 2022 GitLab ilitoa marekebisho ya dharura ya kosa lililopewa namba CVE-2022-1162: akaunti zilizofunguliwa kupitia watoa utambulisho wa nje zilikuwa zimewekewa neno la siri lile lile, lililoandikwa ndani ya programu yenyewe. Aliyelijua angeweza kuingia bila kuigusa Google. Matoleo yaliyoponywa ni 14.7.7, 14.8.5 na 14.9.2. Mashine ambayo haijasasishwa tangu wakati huo haifai kuachwa hata kwenye mtandao wa ndani.

Na mtu akiacha kazi, kumfungia barua pepe hakumtoi kwenye seva. Kipindi chake cha sasa kinaendelea, tokeni binafsi alizotengeneza zinaendelea, na funguo zake za SSH hazijui kwamba Google ipo. Mfungie akaunti kwenye jukwaa lenyewe, kwenye ukurasa wa msimamizi, siku hiyo hiyo.

Mkimaliza kupanga, jaribuni kwa akaunti ya Gmail ambayo haihusiani nanyi kabisa. Mtu huyo abofye kitufe kwenye dirisha la faragha, aandike neno lake, Google imkubali. Seva yenu inatakiwa kumjibu kwamba inamjua na bado haimfungulii. Ikimfungulia, zimeni kitufe, mrudi kwenye mistari miwili ya omniauth au kwenye ENABLE_AUTO_REGISTRATION kabla ya kuwaita wenzenu.